Nyumba ya Kinanira: Familia na Historia ya Burundi katika Riwaya ya Petit Pays

Nilisoma Petit Pays ya Gaël Faye nikiwa na kamusi ya Kifaransa mkononi, kwa sababu Kifaransa ni lugha yangu ya tatu na ilinijia kwa kuchelewa. Nilizaliwa Katumba, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Nilipoletwa Burundi mwaka 2009 nilikuwa na miaka minane, na nilijua Kirundi cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni tu. Watu walikuwa wameniambia kwamba hiyo ni riwaya ya vita. Nilipoifungua nikakuta mume na mke wanaogombana mbele ya watoto wao, na vita vikawa vinakuja polepole nyuma ya ugomvi huo. Kurasa nyingi za mwanzo nilijiuliza historia itaanza lini. Baadaye niliona kwamba ilikuwa imekwisha kuanza tangu ukurasa wa kwanza, na kwamba ugomvi ule wa mezani ulikuwa sehemu yake. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza katika insha hii.

Kwanza niseme machache kuhusu kitabu chenyewe. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda. Aliondoka kwenda Ufaransa mwaka 1995. Alijulikana kwanza kama mwanamuziki wa rapu, na wimbo wenye jina hilohilo, Petit Pays, yaani nchi ndogo, ulitangulia riwaya kwa miaka kadhaa. Riwaya ilichapishwa na Grasset huko Paris mwaka 2016, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goncourt ile inayochaguliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Imetafsiriwa kwa Kinyarwanda kwa jina la Gahugu Gato, na filamu yake iliyoongozwa na Éric Barbier ilitoka mwaka 2020. Msimulizi ni Gabriel, anayeitwa Gaby, mvulana wa miaka kumi hivi hadithi inapoanza na anayeingia ujanani inapokwisha. Anaishi na dada yake mdogo Ana katika mtaa wa Kinanira, kwenye barabara fupi isiyotokea upande wa pili. Mambo mengi ya Gaby yanafanana na ya mwandishi, lakini Faye mwenyewe ameeleza kwamba alichoandika ni riwaya. Nalikumbusha hilo kwa sababu darasani kwetu tulipojadili kitabu hiki watu walikuwa wakisema "Faye" wanapomaanisha "Gaby", na mjadala ukaharibika.

Baba yake Gaby, Michel, ni Mfaransa aliyekuja Afrika akiwa kijana, akaipenda, akakaa. Mama yake, Yvonne, ni Mtutsi wa Rwanda aliyevuka mpaka akiwa mtoto mdogo. Hapo mwanahistoria inabidi asimame kidogo. Mwezi Novemba 1959 ghasia zilianza Rwanda, nyumba za Watutsi zikachomwa, na watu wengi wakakimbilia Burundi, Uganda, Kongo na Tanganyika. Desemba 1963 wakimbizi wenye silaha waliingia Bugesera wakitokea Burundi. Serikali ya Kayibanda ikajibu kwa mauaji, hasa katika Gikongoro, na wimbi jingine la watu likatoka. Familia ya Yvonne ni miongoni mwa watu wa miaka hiyo. Bibi yake Gaby anaishi Ngagara pamoja na mama yake mzee sana, Rosalie, ambaye bado anasimulia habari za Rwanda ya wafalme, na kijana wa nyumba, mjomba Pacifique, ambaye hakuikulia Rwanda lakini anataka kuifia. Kaka yake, Alphonse, alikwisha kufa katika vita vilivyoanza tarehe 1 Oktoba 1990, RPF ilipoingia kutoka Uganda.

Kwa hiyo katika ukoo mmoja kuna watu wa vizazi vinne, na kila mmoja ana Rwanda yake. Kikongwe ana Rwanda ya kukumbuka na bibi ana Rwanda ya kulilia. Mjomba ana Rwanda ya kupigania. Gaby mwenyewe hana yoyote, na wala haitaki. Anataka maembe ya jirani, mto, na rafiki zake walioketi ndani ya gari bovu aina ya Volkswagen. Katika vitabu vya historia tunasoma neno "wakimbizi" kana kwamba ni watu wa aina moja wenye wazo moja. Hapa tunaona wakimbizi wa meza moja wasioelewana hata kuhusu kitu walichokipoteza.

Ugomvi wa Michel na Yvonne unatokana na jambo hilo. Yvonne anataka wahamie Ufaransa. Ameishi Burundi karibu maisha yake yote na bado anahesabiwa mgeni, na anajua jinsi mambo yanavyoweza kugeuka kwa usiku mmoja. Michel hataki. Hapa ana nyumba, kazi, ziwa, na watu wa kumtumikia. Kule kwao angekuwa mtu wa kawaida tu. Anapoona uzuri wa nchi, mkewe anaona mahali ambapo watu waliwahi kukimbizwa na wanaweza kukimbizwa tena. Wasomaji wengine wanasema hiyo ni ndoa ya tamaduni mbili iliyoshindwa. Mimi naona maelezo hayo ni mepesi mno. Yvonne na Michel wanagombana kuhusu swali la kihistoria kabisa: nani ana haki ya kujiona salama? Michel ana pasipoti inayomruhusu kuipenda Burundi bila kuiogopa.

Nililielewa hilo haraka kuliko wenzangu kwa sababu nilikuwa nimelisikia nyumbani. Babu yangu alikimbia mwaka 1972 kutoka kusini, upande wa Rumonge, ambako uasi ulianza tarehe 29 Aprili na kufuatwa na mauaji ya Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Wanahistoria wanakadiria waliouawa kuanzia 100,000 kwenda juu. Kwa Kirundi kipindi hicho wazee wanakiita ikiza, neno ambalo pia ni la tauni na janga, kana kwamba hakikufanywa na watu. Waliokimbilia Tanzania walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima misitu hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Kuanzia mwaka 2007 waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wengi walichagua kubaki, na zaidi ya 160,000 walipata uraia. Baba yangu alichagua kurudi kwa ajili ya shamba la babu. Kaka yake mama akachagua kubaki. Mama angependa kubaki naye. Niliyasikia mabishano yao kupitia ukuta wa matofali mabichi, na nikadhani wanabishana kuhusu mbuzi, kwa sababu kila mara mazungumzo yalianzia kwenye mbuzi.

Simulizi hili si la kulinganisha maumivu. Familia ya Yvonne ni Watutsi waliofukuzwa Rwanda, yetu ni Wahutu waliofukuzwa Burundi. Kuna wasomaji ambao wangependa niseme ni ipi iliyoonewa zaidi. Ninachoona ni kwamba nchi hizi mbili zilikuwa zikitupiana wakimbizi, na kila wimbi lilipofika lilibeba hofu yake na kuiongezea nchi iliyolipokea. Watutsi wa Burundi walipowatazama wakimbizi wa Rwanda waliona yatakayowapata wakipoteza madaraka. Wahutu wa Burundi waliitazama Rwanda hiyohiyo wakaona kwamba wengi wanaweza kutawala. Huwezi kuuelewa mwaka 1972 wa Burundi bila mwaka 1959 wa Rwanda. Katika riwaya, hofu hiyo inaingia Kinanira kwa mlango wa ndoa.

Na neno "mlango" hapa lina mzaha wake. Kwa Kirundi umuryango ni familia, na pia ni sehemu ya kuingilia nyumbani. Kwa Kiswahili cha pwani, mlango pia humaanisha tawi la ukoo. Nililigundua hilo nikiandaa insha nyingine na bado sijaacha kulishangaa.

Baba yake Gaby ana sheria moja: watoto wasizungumze siasa. Mtoto anapouliza tofauti ya Mhutu na Mtutsi, baba anaondoa sababu moja baada ya nyingine, maana nchi ni moja, lugha moja na Mungu mmoja, mpaka inabaki sababu ya pua tu. Wasomaji hucheka hapo, na watoto wa riwaya nao wanacheka, wanaanza kupima pua za watu mjini. Mimi naona ni mahali pa kuhuzunisha. Jibu la pua lilitungwa na watu kama Michel. Wabelgiji walipoitawala Ruanda-Urundi walipima vichwa na pua, na huko Rwanda katika miaka ya 1930 wakaandika ubwoko wa mtu kwenye kitambulisho. Michel anawapa wanawe, kama mzaha, elimu ya wakoloni, kisha anawaamuru wasiulize zaidi.

Lakini nyumba ya Kinanira si ya watu wanne tu. Kuna Prothé, mpishi, ambaye ni Mhutu. Kuna Innocent, dereva, Mtutsi. Kuna Donatien, msimamizi wa kazi, aliyetoka Zaire. Hawa nao ni wa nyumbani, lakini ni wa nyumbani kwa mshahara. Sehemu inayonigusa zaidi katika kitabu kizima inawahusu wao, na haina risasi hata moja. Gaby anaibiwa baiskeli yake. Wanaitafuta kutoka mkono mmoja hadi mwingine mpaka mlimani, kwa familia maskini iliyoinunua kwa akiba yake yote kwa ajili ya mtoto wao. Wanaichukua baiskeli na kuondoka. Donatien, ambaye ni mtu wa dini, anaona aibu kwa niaba yao na anamweleza Gaby wazi alichokifanya.

Nimesoma makala kadhaa kuhusu riwaya hii, na nyingi hupita kasi kwenye baiskeli kwenda kwenye mauaji. Nadhani wanakosea. Vitabu vyetu vya historia vinaeleza Burundi ya kabla ya 1993 kwa maneno mawili, Hutu na Tutsi, na yule mkulima wa mlimani anapotea katikati. Kwake yeye, waliokuja kuchukua baiskeli hawakuwa kabila fulani. Walikuwa watu wa gari. Nilipokuwa mtoto pale Rumonge tulikuta shamba la babu likilimwa na familia nyingine ambayo iliwekwa pale na wakuu wa wakati ule na ililima kwa miaka mingi ikiamini ni haki yake. Walikuwa na mtoto wa umri wangu. Sisi tulikuwa na haki, na tulikuwa pia watu walioshuka kwenye lori kuja kuchukua. Hatimaye tuligawana, wao nusu na sisi nusu, na pande zote mbili zilinuna. Niliposoma habari ya baiskeli niliiacha riwaya kwa siku mbili.

Mwaka 1993 riwaya na historia zinakwenda pamoja kwa ukaribu sana. Tarehe 1 Juni Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda Pierre Buyoya wa UPRONA kwa karibu asilimia 65 ya kura. Aliapishwa Julai, na tarehe 21 Oktoba aliuawa na wanajeshi. Faye anaisimulia asubuhi hiyo kupitia redio: muziki wa kizungu wa piano na vinanda unapigwa bila maneno, na watu wazima wanaelewa mara moja kwamba serikali imepinduliwa, kwa sababu hata 1966, 1976 na 1987 ilikuwa hivyo. Anataja hata jina la kila muziki. Mwanafunzi wa historia asinukuu hayo kama ushahidi mpaka amewatafuta waliofanya kazi redioni miaka hiyo. Lakini jambo lenyewe, kwamba taifa linajifunza kuutambua msiba kwa mlio kabla ya habari, ni jambo ambalo hati za serikali hazitakuambia.

Baada ya siku hiyo mauaji yalienea mikoani, Watutsi wakauawa na majirani, jeshi likaua Wahutu kwa kulipiza. Katika nyumba ya Kinanira mabadiliko yanaonekana jikoni. Prothé na Innocent, waliokuwa wakitaniana, sasa wanatazamana vibaya. Shuleni wavulana wanapigana na kutukanana kwa kabila, na Gaby anatambua kwamba naye ameanza kuwaona wenzake kwa kambi. Mtoto wa Mfaransa, ambaye hakuwahi kuulizwa, anajikuta ana upande, na upande huo ni wa mama yake. Rafiki yake Gino, naye chotara, anaukimbilia upande huo kwa furaha kama mtu aliyepewa jezi ya timu. Gaby anasitasita. Hapo ndipo anakimbilia kwa jirani mmoja mzee, mwanamke mwenye asili ya Ugiriki, anayemwazima vitabu.

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyotunguliwa Kigali ilikuwa na marais wawili, Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Dunia inamkumbuka wa kwanza. Burundi usiku ule, kwa ajabu, haikulipuka, na Sylvestre Ntibantunganya akashika nafasi ya marehemu. Katika riwaya, hata hivyo, nyumba ya Kinanira inalipuka ingawa mji umetulia, maana jamaa za Yvonne wako Kigali. Pacifique alikuwa ameoa Rwanda miezi michache tu kabla. Mkewe anauawa na familia yake yote, naye anawapiga risasi aliowadhania wauaji, kisha jeshi lake mwenyewe linamhukumu kifo. Yvonne anavuka mpaka mauaji yalipokwisha, anawakuta watoto wa nyumba ya Eusébie, jamaa yao, wamekufa sakafuni tangu miezi mitatu. Anasugua madoa. Hayatoki.

Anarudi Bujumbura, na usiku anamwamsha Ana amsimulie aliyoyaona. Kila usiku. Msichana mdogo anatandikiwa maiti za binamu zake kitandani na mama yake mwenyewe. Tunapofundishwa historia simulizi tunaambiwa kwamba kusimulia kunaponya, kwamba waliookoka wahimizwe kusema. Ningependa kila mwalimu wa somo hilo asome kurasa hizi. Yvonne hajakosa kusema. Amekosa mtu mzima wa kumsikiliza, na mzigo umemwangukia mtoto. Mwishowe anampiga Ana, anamjeruhi, anaondoka. Kwetu ilikuwa kinyume: hakuna aliyesema lolote. Nilijua mwaka 1972 kutokana na kitabu cha shule, si kwa babu aliyeupitia.

Mwaka 1995 Bujumbura ilikatwa vipande kwa kabila. Machi mwaka huo Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa bado na mchanganyiko, na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya wote, ilishambuliwa na wanamgambo wa vijana wa Kitutsi. Miezi michache baadaye jeshi liliingia Kamenge, na Wahutu wakautoka mtaa huo. Gaby mwenyewe analazimishwa na kundi la mtaani, akiwemo Innocent wa nyumbani kwao, kuwasha moto gari lenye Mhutu ndani. Prothé naye anauawa. Hapo nina lawama moja kwa riwaya. Kifo cha Prothé kinapita haraka, na hatufiki kamwe kwake, hatumjui mkewe wala watoto kama alikuwa nao. Mtu aliyewapikia watoto hao maisha yao yote hana nyumba katika kitabu. Inawezekana mwandishi amefanya hivyo kusudi, kwa kuwa mtoto wa tajiri hajui mpishi anakolala. Hata kama ni hivyo, pengo ni pengo, na Warundi wengi walikuwa kwenye nyumba hiyo tusiyoonyeshwa.

Watoto wanapelekwa Ufaransa kwa ndege. Baba yao, aliyekataa kuondoka, anauawa njiani siku chache baadaye.

Miaka ishirini inapita. Gaby anarudi, anamkuta rafiki yake Armand kwenye baa ya mtaa wao wa zamani, na gizani, kati ya wanywaji, anaisikia sauti ya mama yake. Amezeeka, hana akili timamu. Anampapasa uso na kumwita Christian. Christian ni jina la yule binamu aliyekutwa sakafuni Kigali.

Mwaka jana, katika likizo, nilikwenda Katumba na mama, mara yetu ya kwanza tangu tuondoke. Mjomba alitupokea barabarani na kitambulisho chake cha Tanzania kikining'inia shingoni, kwa sababu alikuwa ametoka kwenye mkutano wa kijiji. Nilimuuliza kwa nini hakurudi nasi. Alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la baba yao, akaling'oa jani moja lililoota pembeni, akaniuliza kwa Kiswahili kama Rumonge kwa sasa mvua zimeanza.